Mstari Uliokosa Mwenzake

Faili ilikuwa moja, kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza uliitwa KAMBI. Huu ulikuwa na majina ya watu waliolala kwenye mahema katika uwanja wa maonyesho wa Nakuru mwanzoni mwa 2008, yaliyochapwa kutoka kwenye madaftari ya viongozi wa kambi. Ukurasa wa pili uliitwa MALIPO. Huo ulikuwa orodha ya watu waliopokea pesa za serikali, iliyopigwa picha kwa simu miaka iliyopita na mtu aliyekuwa na akili ya kuipiga picha. Kikundi cha wazee na akina mama, wengi wao wakaazi wa Pipeline siku hizi, kilitaka kujua jambo moja tu: nani yuko kwenye ukurasa wa kwanza na hayuko kwenye wa pili?

Nikawaambia hiyo ni kazi ya saa moja. Nilikuwa nimekaa Section 58, mvua inapiga mabati, chai iko moto, na mimi ndiye yule kijana wa kompyuta. Saa moja, nikasema.

Nikaanza na jina peke yake. Excel ikaniletea majibu haraka sana, na haraka hiyo ndiyo iliyonishtua. "Joseph Kamau" wa kambi alikuwa amelipwa. "Joseph Kamau" wa pili pia alikuwa amelipwa, na wa tatu, na wa nne. Kuangalia vizuri, ukurasa wa MALIPO ulikuwa na Joseph Kamau mmoja tu. Kompyuta ilikuwa inamgawa mtu mmoja kwa watu wanne na hakuna mahali iliona aibu.

Ukitoka pande hizi unajua kwa nini. Kwa Wagĩkũyũ mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babake baba, wa pili jina la babake mama. Majina yanazunguka ndani ya ukoo kizazi baada ya kizazi, na ukoo mmoja unaweza kuwa na Kamau saba walio hai kwa wakati mmoja. Upande wa Wakalenjin jina linaweza kukuambia saa ya kuzaliwa: Kipkemoi alikuja usiku, Kiprotich alikuja ng'ombe wakirudi nyumbani. Sasa hesabu ni wangapi wamezaliwa jioni ng'ombe wakirudi, kutoka Kuresoi hadi Rongai. Majina haya hayakutungwa kwa ajili ya karani. Yalitungwa ili mtu asiwe peke yake duniani.

Basi tumia namba ya kitambulisho, utaniambia. Nilifikiria hivyo. Lakini safu ya kitambulisho kwenye ukurasa wa KAMBI ilikuwa tupu nusu nzima, kwa sababu nyumba ikichomwa haichomeki ikaacha droo ya makaratasi.

Ndipo nikaingia kwenye masharti mengi. Badala ya kuuliza "jina hili liko?", unauliza mambo matatu kwa pamoja: jina hili, kutoka kijiji hiki, na familia ya watu idadi hii. Fomula ilikaa hivi:

=COUNTIFS(MALIPO!A:A,A2,MALIPO!B:B,B2,MALIPO!C:C,C2)

Ikirudisha 1, mtu amepatikana. Ikirudisha 0, hayupo. Ikirudisha 2, kaa chini, kuna kazi. Fomula hii ilikuja na Excel ya 2007, mwaka uleule wa uchaguzi wenyewe, ingawa pale kambini watu walikuwa wanaandikwa kwa kalamu kwenye daftari. Kuna njia nyingine, ya INDEX na MATCH, ambayo inaonyesha wazi zaidi kinachoendelea ndani. Kompyuta inakagua kila sharti na kuandika 1 kwa ndiyo, 0 kwa hapana, kisha inazidisha. Moja mara moja mara moja ni moja. Moja mara moja mara sifuri ni sifuri. Hakuna nusu. Ukiwa na jina sahihi na kijiji sahihi, lakini siku ya kuhesabiwa mtoto wako mmoja alikuwa kwa shangazi yake Nyahururu, wewe ni sifuri.

Niliendesha fomula. Karibu kila mstari ukageuka sifuri.

*

Wikendi nikaenda Njoro kwa shosho, mamake mama, na kama kawaida nikamletea malalamiko badala ya sukari. Nikamweleza kwamba majina ya watu wetu hayawezi kutafutwa. Shosho alizaliwa karibu 1940 kwenye shamba la mzungu, na huwa hashangazwi na kitu chochote kinachotoka mdomoni mwangu. Akacheka.

"Hayawezi kutafutwa? Baba yangu walimtafuta wakampata."

"Na nini, shosho?"

Akanionyesha vidole vyake kumi. Kisha akaenda chumbani akarudi na kikopo cha chuma kilichobonyea, kidogo kuliko simu, chenye matundu mawili ya kupitisha kamba. Ndani hakukuwa na kitu. Karatasi iliisha zamani. "Walikuwa wanaiita mbugi," akasema. Mbugi ni kengele ya mbuzi, ile inayofungwa shingoni ili mchungaji ajue mbuzi yuko wapi.

Hicho ndicho kilikuwa chombo cha kipande. Sheria ya kuandikisha wenyeji ilipitishwa 1915, vita vikaichelewesha, ikaanza kutekelezwa kati ya 1919 na 1920. Gavana wakati huo alikuwa Edward Northey, na shida yake kubwa ilikuwa ya aina moja: wanajeshi wa Uingereza waliomaliza vita walikuwa wanagawiwa mashamba kwenye nyanda za juu, na mashamba hayalimwi na barua za kumiliki ardhi. Yalihitaji mikono. Nakuru, mji uliozaliwa na reli mwaka 1900, ulikuwa katikati ya mashamba hayo. Lord Delamere alikuwa na ardhi Njoro na Soysambu, na chama cha wakulima wazungu, KFA, kilikuwa na makao yake mjini. Mikono ilipatikana, lakini ilikuwa na tabia moja mbaya machoni pa walowezi. Ilikuwa inaondoka. Mtu akipigwa, akicheleweshewa mshahara, akisikia mzungu wa Molo analipa afadhali, anafunga mzigo usiku. Akifika Molo anataja jina la binamu yake. Nani atamjua?

Kwa hiyo kila mwanamume Mwafrika aliyekadiriwa kufikisha miaka 16 akatakiwa kuandikishwa, pamoja na alama za vidole. Mwisho wa 1920 walikuwa wameandikishwa karibu laki mbili. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1930 walikuwa wamepita milioni moja. Karatasi ilikuwa na maelezo yake na nafasi za waajiri: tarehe ya kuanza kazi, aina ya kazi, mshahara, na tarehe ya kuachiliwa yenye sahihi ya mwajiri. Bila sahihi ya mwisho, mwajiri mwingine hakuruhusiwa kukuandika. Na kuondoka bila ruhusa hakukuwa ugomvi kati yako na bwana shamba tu. Lilikuwa kosa la jinai, la polisi.

Hizo ni kurasa mbili. Wa kwanza ulining'inia shingoni mwa mtu Njoro, wa pili ulikuwa kwenye kabati la afisi ya usajili Nairobi. Na sharti lilikuwa zaidi ya moja: namba ilingane, vidole vilingane, na tarehe ya kuachiliwa iwe imejazwa. Sifuri moja, umekwisha.

Babake shosho alijaribu. Aliliacha shamba moja wakati wa mavuno ya ngano bila sahihi. Akatupa kipande chake mtoni, akaenda afisini kusema yeye ni mtu mpya, hajawahi kuandikishwa, na akatoa jina ambalo si lake. Shosho hajui ni mwaka gani. Anachojua ni kwamba wino wa vidole ulikuwa haujakaa miezi mingi kabla askari hajaja kumchukua. Alirudi nyumbani akiwa amekonda na akiwa na kikopo kipya. Hicho hapo.

(Mjomba wangu wa pili ana jina la mzee huyo, kama desturi inavyotaka. Ndiyo maana shosho humwita mwanawe "baba", na ukimpigia simu kuuliza baba alisema nini, lazima kwanza uulize baba yupi.)

*

Nilitaka kujua karani wa Nairobi alifanyaje. Laki kadhaa za kadi, hakuna kompyuta, na mtu amekupa jina la uongo. Utaanzia wapi?

Jibu lilitoka Bengal. Huko, mwaka 1858, afisa aitwaye William Herschel alimfanya mkandarasi wa huko abandike kiganja chake kwenye mkataba, na baadaye alama za vidole zikatumika kuzuia watu kuchukua pensheni za marehemu. Lakini kuchukua alama ni rahisi. Kuitafuta tena kati ya maelfu ndiyo kazi. Tatizo hilo lilitatuliwa katika afisi ya polisi ya Calcutta miaka ya 1890. Njia hiyo ina jina la mkuu wa afisi, Edward Henry, ingawa hesabu zake zilifanywa kwa sehemu kubwa na Wahindi wawili waliokuwa chini yake, Azizul Haque na Hem Chandra Bose. Scotland Yard iliichukua 1901, na makoloni yakafuata.

Ni njia tamu, hata kama matumizi yake yanauma. Vidole kumi vinapangwa kwa jozi tano. Ukiona mchoro wa kidole unazunguka kama maji yanayoingia kwenye shimo, jozi ya kwanza inahesabiwa 16, ya pili 8, kisha 4, 2, 1. Ukiona mchoro umepinda tu kama kitanzi au tao, unaandika sifuri. Unajumlisha vidole vya namba shufwa upande mmoja, vya namba witiri upande mwingine, unaongeza moja kila upande ili usibaki na sifuri. Unapata sehemu kama hesabu za darasa la sita: 17 juu ya 1, au 5 juu ya 9. Kuna uwezekano 32 juu na 32 chini, jumla makundi 1,024. Karani haangalii kadi zote. Anaenda kwenye droo moja kati ya 1,024, kisha anaanza kulinganisha kwa kioo cha kukuza. Ukiangalia vizuri, hiyo ni ndiyo na hapana, moja na sifuri, masharti kumi kwa wakati mmoja. Ni fomula yangu, ila ya mbao na wino, miaka themanini hivi kabla ya VisiCalc, programu ya kwanza ya lahajedwali kupata umaarufu, iliyouzwa kuanzia 1979.

Kwa hiyo ukiambiwa kwamba watu wetu hawakuweza kulinganishwa na rekodi kwa sababu ya majina, usikubali haraka. Nilikuwa karibu kukubali mimi mwenyewe. Kisha nikafika kwa wabebaji mizigo.

Unajua Kariakor, Nairobi, na Kariakoo, Dar es Salaam. Majina hayo ni Carrier Corps yaliyopita kwenye midomo ya watu. Katika vita vya 1914 hadi 1918 Waingereza waliwachukua mamia ya maelfu ya wanaume wa Afrika Mashariki kubeba risasi na vyakula vya jeshi, kwenda chini hadi Msumbiji. Walikufa kwa kuhara, kwa malaria, kwa njaa na kwa kuchoka. Wa Kenya peke yake wanakadiriwa kuzidi 40,000. Afisi iliyowasimamia, chini ya Oscar Watkins, iliwaandikisha na kuwapa namba. Kulikuwa na orodha za mishahara. Wengi walipokufa, mishahara yao ilikuwa haijalipwa, na pesa zikabaki zimeandikwa kwenye vitabu.

Zilipaswa kwenda kwa wajane na wazazi. Hapa pia kulikuwa na kurasa mbili, orodha ya wafu na mishahara yao upande mmoja, na familia zilizobaki vijijini upande mwingine. Hazikulinganishwa. Majina yameandikwa vibaya, ikasemwa. Vijiji havijulikani, jamaa hawapatikani. Watkins mwenyewe alidai kwa miaka kwamba pesa zile ni haki ya Waafrika, na London ikakataa kuzilipa.

Angalia tarehe. Ni miaka ileile. Serikali ileile, yenye makarani walewale na majina yaleyale yanayojirudia. Mwaka 1920 ilikuwa inanunua wino wa kumsaka kijana aliyetoroka shamba la ngano Njoro kwa sababu ya deni la kazi ya siku kadhaa, na inamtia mkononi. Wakati huohuo ilikuwa inasema haiwezi kumpata mama wa kijana aliyefia Rufiji, mama ambaye hajahama, ambaye chifu wake anamjua, ambaye mwaka huohuo mtoza kodi ya kibanda alimfikia mlangoni bila kupotea njia.

Ukitaka kumkamata mtu, unalegeza masharti hadi apatikane: jina halilingani, sawa, lete vidole. Ukitaka kutomlipa, unakaza masharti hadi apotee.

*

Watu walilielewa mapema. Madai ya Harry Thuku mwaka 1921 na 1922 yalikuwa juu ya kodi, mishahara na kipande, na alipokamatwa Machi 1922 umati uliokusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi ulipigwa risasi. Mary Muthoni Nyanjiru, aliyewasuta wanaume wasimame, alikuwa mmoja wa waliokufa. Kipande kikaendelea robo karne nyingine. Mwaka 1947 sheria mpya ilileta usajili wa watu wa rangi zote, na walowezi wakapiga kelele kwamba kubonyeza vidole kwenye wino ni udhalilishaji. Wakaruhusiwa, wanaojua kusoma, kutia sahihi badala yake. Wanawake hawakuingia kwenye vitambulisho hadi mwishoni mwa miaka ya 1970. Weka hilo akilini, litarudi.

Baada ya vurugu za 2007 na 2008, serikali ilihesabu watu wapatao 350,000 kwenye kambi, na zaidi ya 300,000 waliokaribishwa na jamaa mijini. Mei 2008 ikaanza Operesheni Rudi Nyumbani, na ile hesabu ya shilingi 10,000 za kuanzia na 25,000 za nyumba. Walioishi kwa jamaa, pale Kaptembwo au Free Area, hawakuwa na hema la kuonyesha, na wengi wao wakakaa miaka bila kuona kitu. Kukawa na mazungumzo mengi ya wakimbizi bandia, na walikuwepo, nisidanganye. Bunge likaunda kamati, sheria ikapitishwa 2012. Lakini neno "bandia" lina miguu mirefu. Mstari usiolingana unakuwa bandia kabla ya mtu yeyote kuuliza kwa nini haulingani.

Wakati mwingine hata kulingana hakukusaidii. Kule Garissa kuna Wakenya ambao, wakati wa ukame wa miaka ya 1990, waliingia kwenye orodha ya wakimbizi Dadaab ili watoto wapate unga. Walipofikisha umri na kuomba kitambulisho, vidole vyao vikalingana na vya mkimbizi. Mashine ilikuwa sahihi kabisa. Vidole ni vyao. Wakanyimwa kitambulisho katika nchi waliyozaliwa, maelfu yao, kwa miaka mingi.

*

Nikarudi Section 58 na kikopo cha shosho mfukoni. Nilikiomba, akanipa kwa masharti yake mwenyewe. Nikafungua faili upya.

Kwanza nikasafisha. Nafasi moja iliyofichika baada ya jina inatosha kufanya "Wanjiku" na "Wanjiku" wasijuane, na fomula ya TRIM ilinirudishia watu kumi na tisa kwa dakika moja. Kumi na tisa! Nikasawazisha tahajia za vijiji, Elburgon na Elbagon, Kuresoi na Keresoi. Kisha nikaacha kuzidisha, nikaanza kujumlisha: jina likilingana alama moja, kijiji alama moja, idadi ya familia alama moja, hema alama moja. Mwenye nne, sawa. Mwenye sifuri, hayupo. Mwenye mbili au tatu sikumfuta wala sikumpitisha. Nilimpaka rangi ya manjano na kuandika namba yake ya simu kwenye daftari.

Manjano walikuwa wengi kuliko nilivyotaka, na karibu wote walikuwa wanawake. Nikawapigia mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa ameandikwa kambini kwa jina la mumewe, kwa sababu mwenye daftari aliuliza "mwenye boma ni nani?", na kwenye malipo kwa jina la babake, kwa sababu hilo ndilo liko kwenye kitambulisho. Kijiji kimoja, watoto walewale wanne. Nilikuwa nimemhesabu kama watu wawili, mmoja aliyekosa pesa na mwingine asiyejulikana alikotoka. Yeye alilipwa, akasema, elfu kumi, zile za nyumba bado. Nikamwandika mstari mmoja.

Wa pili alinyamaza niliposoma jina. Kisha akauliza hilo jina nimelitoa wapi, kwa sababu ni la dada yake, naye alikufa kambini kabla ya malipo kuanza. Kwenye ukurasa wa MALIPO, mbele ya jina hilo, kulikuwa na alama ya kidole gumba.

"Hicho kidole si chake," akasema. "Unaweza kujua ni cha nani?"

Nikaivuta picha karibu. Wino umetapakaa, mistari haionekani. Nikamwambia hapana, mama, kwa hii picha siwezi. Akauliza kama karatasi yenyewe bado iko mahali. Nikaongeza safu mpya kwenye faili, nikaandika swali lake hapo, na tarehe.